Kahawa, chai ya rangi na vidonge: hesabu ya mama mjamzito

Kina mama wa Mtwara, na nanyi wauzaji wa maduka ya dawa mliofika, karibuni. Swali linalorudi kila siku ya kliniki ni hili: kahawa inatoa mimba? Kikombe kimoja, tusitishane. Cha kuangalia ni jumla ya siku nzima.

Kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye kahawa na chai, hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, naye ini lake bado haliwezi kuivunja. Mtu asiye na mimba hutoa nusu ya kafeini kwa saa tano hivi. Mimba ikishakua, inaweza kufika saa 15. Kahawa ya jioni inaikuta ya asubuhi bado ipo. Inapozidi, inahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo na mimba kuharibika. Shirika la Afya Duniani linamtaka anayevuka miligramu 300 kwa siku apunguze. Uingereza ukomo wao ni 200, nami nawashauri muushike huo.

Haya, tupige hesabu. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kukoroga kina kama 100. Chai, hadi 75. Kopo la kola, 40. Kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250, 80. Kile kikombe kidogo cha kahawa chungu cha barazani hakina kipimo maalumu, kwani kila muuzaji ana mkono wake. Udogo wake usiwadanganye.

Wengi hawahesabu dawa ya kichwa. Panadol Extra ina miligramu 65 za kafeini kwa kila kidonge. Meza viwili, tayari 130. Muuza dawa, mjamzito akiumwa kichwa mpe parasetamoli tupu: vidonge viwili vya miligramu 500, apishe saa sita, visizidi vinane kwa siku. Na kichwa kikali kinachokuja na maluweluwe au uso kuvimba si cha dukani kabisa, huyo aende hospitali saa hiyohiyo. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huku zinauzwa kama karanga, msimpe. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Baadaye zinaweza kufunga mapema mshipa karibu na moyo wake.

Chai ya rangi ina kosa jingine: inazuia madini ya chuma. Anayemezea vidonge vya damu kwa chai anavipoteza kwa kiasi kikubwa. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, chai ingoje saa mbili. Vikikuchafua moyo, meza usiku ukienda kulala. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, ni vidonge vitatu kwa mkupuo, mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, kisha baada ya mwezi au zaidi tena. Asidi ya foliki ya miligramu 5 huidhoofisha SP. Ile ya 0.4 haina shida. Anayetumia kotrimoksazoli (Septrin) asipewe SP.

Ukikutwa na malaria ukapewa dawa mseto, usimeze na tumbo tupu, maana inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Mboga ya nazi inatosha, na korosho hazijatuishia.

Mwenye kifafa au presha asiache dawa zake ghafla kwa kuogopa mimba. Aje zibadilishwe kwa utaratibu.

Sasa leteni pakiti mlizokuja nazo tuzisome moja moja.