Kukaza nati za tairi: shuka juu ya spana

Habari zenu watazamaji, karibuni tena hapa uani kwangu Nkuhungu, Dodoma. Mkisikia kelele ni upepo, mnaujua wenyewe upepo wa mji huu. Wenzetu wa Ulaya hubadilisha matairi theluji ikikaribia. Sisi theluji tunaiona kwenye simu, ila mvua za Desemba zikishika, njia ya shambani inageuka uji. Kwa hiyo leo kwenye hii Toyota RAV4 natoa matairi ya lami, naweka yale yenye kashata kubwa, yaani meno makubwa ya kushika tope. Kutoa na kuvalisha tairi wengi mnajua, hapo nitapita haraka. Nataka muangalie nati.

Gari lipo kwenye sakafu ya zege, handbreki juu, gia kwenye P, na tairi la upande wa pili nimelizuia kwa mawe mbele na nyuma. Nati nalegeza kidogo kabla ya kupiga jeki, kwa sababu tairi likishakuwa hewani litazunguka na spana yako. Soketi ya Toyota nyingi ni namba 21.

Haya, limetoka. Dogo, sogeza kamera hapa. Mnaona huu uso wa habu, pale rimu inapokalia? Kutu, na udongo umeganda juu yake. Ukifunga hivi hivi, nati itakaza vizuri tu leo. Ukitembea kidogo udongo unasagika, panabaki upenyo, nati imelegea na wewe huna habari. Brashi ya waya, dakika mbili, na mgongo wa rimu nao usugue.

Stadi, hizi nondo zenye uzi ambazo nati hujifunga juu yake, nazo zisafishe, ziache kavu. Oili usipake, grisi usipake. Wapo mafundi watakaonibishia, wanasema inasaidia siku ya kufungua. Lakini uzi ukiteleza, nguvu ileile ya mkono inaivuta stadi kupita kiasi, na kipimo cha kukaza cha kiwandani kimepigwa kwa uzi mkavu.

Sasa shika nati yenyewe uitazame. Hii mdomo wake umechongoka kama koni, hii nyingine ina washa bapa. Kwa Toyota nyingi, ya koni inaenda na rimu ya chuma, ya washa bapa inaenda na zile rimu za aluminiamu zilizotoka kiwandani na gari. Ukiwa umenunua rimu nyingine, angalia tundu lake limekatwaje, uchague nati inayolikalia sawasawa. Ya koni, ule mchongoko unaelekea ndani kwenye rimu. Na nati ikipotea usiazime kwa jirani mwenye Subaru: nafasi kati ya mizunguko ya uzi wake ni milimita 1.25, ya Toyota nyingi ni 1.5. Itashika kidogo halafu itakwama, na ukilazimisha umeua stadi.

Zote tano naanza kwa vidole. Vidole, nimesema, spana iache chini. Zikikaa, nachukua spana na kuzivuta taratibu kwa kuruka moja: hii, naruka inayofuata, ile, naruka tena, mpaka nimechora nyota. Ukizifuata kwa mduara rimu inaweza kuegemea upande mmoja, kisha ukiwa barabarani usukani unatetemeka unaanza kulaumu balansi.

Teremsha jeki mpaka tairi liguse chini lisizunguke. Hapa ndipo kazi ilipo. Kipimo cha kukaza nati za gari hili ni nyutoni mita 103, ndivyo nguvu ya kuzungusha inavyopimwa. Gari lako linaweza kuwa na kingine, kiangalie kwenye kitabu chake. Kwa spana ya nusu mita, 103 ni kama kusukuma kwa uzito wa kilo 21 pale mwishoni mwa mkono. Kwa spana fupi ya sentimita 30 ni kilo 35. Sasa fikiria mtu wa kilo 70 amepanda juu ya hiyo spana fupi, tena anarukaruka: hata kabla hajaruka ameshafika mara mbili ya kipimo. Mimi nilifungiwa nati kwa mashine ya upepo, kijana akazibana mpaka mashine ikanyamaza, nikashukuru. Pancha ikanikuta njia ya Kondoa, nati ya kwanza niliyoigusa ikatoka na kipande cha stadi.

Ndiyo maana nilinunua hii spana ya kipimo, mafundi wanaiita toki renchi. Naitegesha 103, navuta pole pole kwa nyota ileile. Umesikia? Tak. Basi, imetosha, hamia nyingine. Tak ya pili ya kujiridhisha unaongeza mkazo bure. Kama huna, kaza kwa mkono bila kupanda juu ya spana wala kuirefusha kwa bomba, kisha pita kwa fundi mwenye nayo kabla ya safari.

Ukishatembea kati ya kilomita 50 na 100, rudia kipimo, maana rimu inakuwa imejikalia vizuri zaidi. Ukielekea Singida, simama Bahi. Usizilegeze kwanza, weka tu spana palepale 103 usikilize. Ikilia bila nati kusogea, nunua maji uendelee. Ikisogea, ikaze mpaka ilie, na mbele kidogo usimame tena uipime.