Mpeni Mtoto Boksi Kabla ya Kanuni

Walimu wenzangu, chini ya kila kiti kuna boksi tupu la chaki. Naomba msiliguse kwanza, zamu yake itafika.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwaingiza watoto wa darasa la tano hadi la saba kwenye maumbo yenye urefu, upana na kimo. Nasema hivyo kwa makusudi. Kuna wanaoyaita "maumbo ya pande tatu", na mtoto akisikia pande tatu anachora pembetatu, tena ana haki. Basi tuseme maumbo ya vipimo vitatu, tuendelee.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Nitalisema tena, kwa sababu kila nikiingia darasani nakuta ubaoni mchoro uleule: mraba mmoja mbele, mwingine nyuma umesogezwa kidogo juu na kulia, na mistari minne ya mshazari inayounganisha pembe. Chini yake: "Mche mraba. Ujazo = urefu × upana × kimo." Watoto wananakili, kengele inalia, somo limekwisha. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeshika kitu.

Niwaeleze nilichojifunza kwa mtoto mmoja. Nilikuwa mwalimu mpya, darasa la sita. Nilitoa zoezi: mche mraba, yaani boksi ambalo kila uso wake ni mraba, una kingo ngapi, vipeo vingapi (zile kona kingo zinapokutana), nyuso ngapi? Binti mmoja akaandika 9, 7, 3. Nikamwekea makosa matatu kwa kalamu nyekundu, nikapita kwa mwenzake. Kesho yake akaja mezani kwangu na daftari na kitabu. "Mwalimu, nimerudia kuhesabu. Ni tisa." Akaweka kidole kwenye mchoro wa kitabu, akaanza: moja, mbili, tatu… Akafika tisa, akaniangalia.

Mchoro ule ulikuwa hauna mistari ya nukta, ile inayoonyesha kingo zilizojificha nyuma. Ulionyesha uso wa mbele, wa juu na wa ubavuni, basi. Hesabuni wenyewe: kingo zinazoonekana ni 9, vipeo 7, nyuso 3. Mtoto yule alihesabu kwa uaminifu kila alichowekewa mbele yake. Mimi ndiye niliyempa karatasi halafu nikamuuliza habari za boksi.

Nikachukua boksi la chaki pale mezani nikampa mkononi. Boksi la chaki ni mche mstatili, si mche mraba, lakini kwa kuhesabu kingo hakuna tofauti. Akaanza. Mara ya kwanza akapata 14, kwa sababu kila alipoligeuza alirudia ukingo aliokwisha kuuhesabu. Mara ya pili akapata 11. Sikusema kitu, na kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Akachukua kipande cha chaki, akawa anaweka alama kwenye kila ukingo anaoumaliza. Halafu katikati ya kazi akasimama, akaliweka boksi mezani, akasema polepole: "Nne za juu. Nne za chini. Na nne zilizosimama." Kumi na mbili! Hakuzihesabu tena. Alikuwa ameuona mpangilio, na mtu aliyeuona mpangilio hahitaji kukariri.

Na halikuishia hapo. Alirudi kwenye kitabu chake, akauliza, "Sasa hizi tatu nyingine ziko wapi?" Nikamwambia, ziweke. Akazichora mwenyewe zikipita nyuma, hafifu, zikakutana kwenye kipeo cha nane. Sikumfundisha mstari wa nukta. Aliuhitaji, akautengeneza. Tangu siku ile sijachora mche ubaoni kabla mtoto hajaushika.

Najua kuna anayesema moyoni: mbona watoto wengine wanauona mchoro bila shida? Wanauona kwa sababu wameshazoea kusoma picha. Picha ni lugha, ina kanuni zake, na hakuna anayezaliwa nayo. Mwaka 1960 mtafiti William Hudson, huko Afrika Kusini, alichapisha utafiti wake: aliwaonyesha watu picha ya mwindaji ameinua mkuki, swala yuko karibu, na tembo amechorwa mdogo katikati kuonyesha kwamba yuko mbali. Akauliza mkuki unaelekezwa kwa nani, na nani yuko karibu na mwindaji. Wapo waliojibu tembo. Kwa miaka mingi watu wakajadili namna Waafrika wanavyoona picha, eti wana kasoro gani. Jambo hili huniudhi mpaka leo. Waliojibu tembo walipima nafasi iliyoko kwenye karatasi, na kwenye karatasi tembo kweli yuko karibu. Kukosea picha si kukosea umbali wa mnyama porini! Karatasi haina kina. Anayetaka kina kisomwe pale lazima kwanza afundishe namna ya kukisoma, na huwezi kumfundisha mtoto picha ya kitu ambacho mikono yake haijakijua.

Mliosoma vyuoni mnawajua Pierre van Hiele na mkewe Dina, walimu wa Uholanzi waliowasilisha tasnifu zao Utrecht mwaka 1957. Sitarudia ngazi zao zote za kuelewa maumbo. Nataka jambo moja tu: mtoto huanza kulitambua umbo kwa sura yake nzima, baadaye ndipo huona sifa zake, na baadaye zaidi ndipo huziunganisha sifa hizo kwa hoja. Mwalimu akizungumza akiwa ngazi ya juu na mtoto yuko ya chini, hawasikilizani, hata kama wote wanazungumza Kiswahili fasaha.

"Mwalimu, darasa langu lina watoto tisini." Nasikia. Nami nimefundisha tisini. "Shule haina vifaa." Hapo sikubali. Nani kati yetu hatupi maboksi? Chaki, majani ya chai, dawa ya meno, kiberiti, sabuni. Waambieni watoto walete, wiki moja tu, mtakosa pa kuyaweka. Na kama unaogopa mtihani, mtihani ndio unaouliza ujazo wa tangi, na mtoto asiyejua ujazo ni nini atazidisha namba zote anazoziona kwenye swali, hata umri wa mwenye tangi.

Sasa nije kwenye ujazo. Waulizeni darasa la saba: mita moja ya ujazo ina sentimita za ujazo ngapi? Wengi watasema mia moja. Wanajua mita moja ni sentimita mia, wamemaliza. Unaweza kuandika jibu sahihi ubaoni mara kumi, wiki ijayo watakurudishia mia. Dawa yake ni fito kumi na mbili. Kila moja ikatwe mita moja kamili, pembeni zifungwe kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Fanyeni nje, chini ya mwembe. Boksi hilo la fito likisimama, watoto hunyamaza. Hawakutegemea kuwa kubwa hivyo. Waingie ndani, wachuchumae, wajue wanaenea wangapi.

Halafu chukua kijimchemraba cha udongo cha sentimita moja kila upande, kiweke kwenye kona. Vingapi vitapangika kando ya ufito mmoja? Mia. Kuitandika sakafu yote? Mistari mia ya mia mia, elfu kumi. Na kupanda mpaka juu? Tabaka mia. Hapo wanapiga hesabu wenyewe: milioni moja. Niliwahi kumwona kijana akikiangalia kile kijidongo kwenye kona, kisha akainua macho mpaka kwenye ufito wa juu, akarudia "milioni" kwa sauti ndogo. Yule hatasema mia tena.

Msiondoke hapo bado. Lita moja ni sentimita za ujazo 1,000, kwa hiyo ndani ya fito zile kuna lita 1,000. Waonyesheni tangi la maji la lita elfu moja, lile jeusi lililoko kwenye nyumba nyingi. Ni maji yaleyale, yamevikwa umbo la duara. Ndoo ya lita ishirini itaingia mara hamsini, na mtoto anayechota maji kila asubuhi anajua hamsini ni safari ngapi. Anaijua shingoni.

Na kuna zawadi nyingine pale, wala hamkuipanga. Fremu ile ya fito inayumba. Ukiisukuma inalala upande. Watoto wataishika kona nne isianguke. Waulizeni ifanyweje. Atatokea mmoja, mara nyingi mtoto wa fundi, atasema ipigwe mshazari. Wakatengeneze piramidi ya fito sita, yenye nyuso nne za pembetatu: inasimama imara bila msaada. Kisha watoke wakaangalie kenchi za paa la darasa lao. Pembetatu tupu, toka ukuta hadi ukuta. Wamesoma chini yake miaka saba.

Sasa chukueni maboksi. Msichane! Mikasi ipo mezani, mtaifuata baadaye. Liangalieni tu mahali lilipogundishwa. Mkilifungua pale na kulitandaza mtapata karatasi bapa, tunayoiita wavu wa umbo. Na mtoto ataona jambo ambalo kitabu hakimwambii: vipande ni zaidi ya sita. Kuna masikio ya kubandikia gundi, na sehemu nyingine zimepandana mara mbili. Acheni wabishane kipi ni uso na kipi ni sikio. Ubishi huo ndio somo lenyewe, kwa sababu hawawezi kuumaliza bila kukubaliana uso ni nini.

Baada ya hapo wape miraba sita ya karatasi, waiunganishe ubavu kwa ubavu, watafute nyavu za mche mraba. Wote wataanza na msalaba, kwa kuwa ndio uliomo kitabuni. Mwambie mtoto, tafuta nyingine. Kuna namna 35 za kuiunganisha miraba sita, bila kuhesabu mara mbili zile zilizogeuzwa au kupinduliwa, na katika hizo 11 tu hukunjika zikawa mche mraba. Msiwatajie 11 mapema. Wakigundua kwamba miraba minne ikikutana kwenye nukta moja wavu haukunjiki, wamefuta kundi kubwa kwa hoja moja. Kuna mistari miwili ya mitatu mitatu iliyopishana kama ngazi. Huwa hawaamini kwamba inakunjika mpaka waikunje. Kuna mwalimu aliwahi kuniambia vipindi viwili kwa nyavu ni kupoteza muda. Nikamuuliza amewahi kutumia vipindi vingapi kurudia eneo la nyuso za mche mstatili. Mtoto aliyelitandaza boksi haulizi kwa nini tunajumlisha nyuso sita. Zimelala mezani pake.

Nimetumia muda mwingi, mengine nitayataja mbiombio.

Vipeo, kingo na nyuso: wakishazihesabu kwenye maumbo matano sita, wachore jedwali. Vipeo toa kingo jumlisha nyuso. Mche mraba, 8 toa 12 jumlisha 6, ni 2. Piramidi ya kitako cha mraba, 5 toa 8 jumlisha 5, ni 2. Mche pembetatu, 6 toa 9 jumlisha 5, 2 tena. Mwanahisabati Leonhard Euler aliliandika hili kwenye barua kwa mwenzake Goldbach mwaka 1750. Na majibu ya yule binti wangu, 7 toa 9 jumlisha 3? Moja. Mnaona? Hesabu yenyewe inatuambia kuna uso uliopotea, kwa sababu nyuso tatu za nyuma zimebaki bila kutenganishwa, kama uso mmoja usiohesabiwa.

Maziwa ya Nyayo. Wenzetu mliosoma Kenya miaka ya themanini mnaikumbuka ile pakiti ya pembetatu, mpango wa maziwa ya shuleni ulioanza 1979. Kunja karatasi iwe bomba. Bana mwisho mmoja ukalala, ugundishe. Mwisho wa pili ubane kinyume, ukate msalaba na ule wa kwanza. Umepata piramidi ya nyuso nne, kutoka kwenye mcheduara, yaani lile bomba! Dakika mbili, karatasi moja.

Ulalo wa boksi. Sanduku la urefu wa sentimita 60, upana 20, kimo 15. Fimbo ya sentimita 64 haikai sakafuni mwake, hata ukiilaza kona kwa kona, kwa sababu ulalo wa kitako ni kama 63.2. Inua ncha moja mpaka kona ya juu: inaingia, maana ulalo wa ndani ni 65. Kanuni ya Pythagoras mara mbili, na mtoto ameiona fimbo ikiingia kabla ya kuandika chochote.

Umbo la pia, lenye kitako cha duara na ncha moja, na mcheduara, zenye kitako na kimo sawa: tengenezeni kwa manila, jazeni mchele, pia tatu hujaza mcheduara mmoja. Na msisahau neno lenyewe. Pia ni ile tuliyoicheza kwa kamba utotoni. Mtoto aliyeizungusha anajua ncha iko wapi na kitako kiko wapi, mwacheni aanzie hapo.

Tufe sijaligusa, na michoro ya simu na kompyuta sijaifikia. Mwenyekiti ananionyesha saa, naye ana haki. Mikasi ile pale. Kaeni wawili wawili, mmoja akate, mwingine atabiri wavu utatokaje kabla haujatandazwa, auchore kwanza. Nitapita kwenye viti kuangalia michoro.