Kibali cha Chavez: jaji wa Uholanzi anapoiweka pembeni sheria ya nchi yake

Habari zenu wapendwa, na wazazi wangu mnaotazama mkiwa nyumbani, shikamooni. Niko hapa Rotterdam. Swali mnaloniuliza sana siku hizi ni hili: "Dada, ni kweli mama asiye na karatasi anaweza kupata kibali cha kuishi kwa sababu mtoto wake ni raia wa Uholanzi?" Ni kweli. Lakini si kila mama, na hapewi kwa kuonewa huruma. Anakipata kama haki, na haki hiyo imepitia njia ambayo nataka muielewe vizuri.

Sisi huku tunakiita Chavez tu. "Fulani kaomba Chavez." "Chavez yake imetoka." Jina limetokana na kesi ya mama wa Venezuela, Chavez-Vilchez, aliyeachana na baba wa mtoto akabaki analea peke yake. Mtoto ni Mholanzi, mama hana kibali. Akaomba msaada wa fedha, akanyimwa. Hoja ya serikali: baba Mholanzi yupo, basi amlee yeye. Akina mama wengine saba walikuwa na kesi za namna hiyo hiyo.

Zikafika mahakama ya rufaa ya masuala ya ustawi wa jamii, iliyoko Utrecht. Majaji hawakukimbilia kutoa hukumu. Walisimamisha kesi, wakaandika maswali, wakayapeleka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg. Jibu likatoka tarehe 10 Mei 2017: kwamba baba yupo na yuko tayari kulea ni jambo la kuzingatiwa, lakini peke yake halitoshi. Lazima iangaliwe mtoto anamtegemea nani kwa kweli, ana umri gani, na akitenganishwa na mama yake ataumia kiasi gani. Kwa sababu mama akifukuzwa na mtoto akalazimika kumfuata nje ya Ulaya, huo uraia wake wa Ulaya una faida gani?

Sasa sikilizeni hapa. Luxembourg haikumpa mtu kibali. Ilijibu swali, faili likarudi Utrecht, na jaji wa Uholanzi ndiye aliyeendelea nalo. Sheria ya Ulaya haikai Luxembourg ikisubiri ufunge safari kuifuata. Inakaa mezani kwa jaji wa mji unaoishi.

Na jambo hili lilianzia hapa hapa Uholanzi. Kampuni ya usafirishaji iitwayo Van Gend en Loos iliingiza kemikali kutoka Ujerumani Magharibi, ikakuta ushuru umepanda kutoka asilimia 3 hadi 8. Ikalalamika, swali likapelekwa Luxembourg, na mwaka 1963 ikaamuliwa kwamba mkataba wa Ulaya unampa mtu haki anazoweza kuzidai mbele ya jaji wa nchi yake. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Mwitaliano Costa iliyotokana na bili ya umeme ya lira 1,925, ikasemwa wazi kuwa sheria ya nchi ikigongana na ya Jumuiya ya Ulaya (Umoja wa Ulaya wa leo), ya Jumuiya ndiyo inayotangulia.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba Katiba ya Uholanzi, kifungu cha 120, inamkataza jaji kupima kama sheria ya Bunge inaendana na Katiba yenyewe. Lakini kifungu cha 94 kinamtaka asiitumie sheria hiyo hiyo ikipingana na mkataba wa kimataifa unaomgusa kila mtu moja kwa moja. Kwa hiyo mnyonge hapa mara nyingi anakingwa na mkataba kabla ya Katiba.

Kwa vitendo, kupata Chavez kunategemea ushahidi. Nimewahi kukaa sakafuni na dada mmoja wa Tanga tukipanga faili lake: barua ya mwalimu inayosema nani huja kumchukua mtoto, karatasi za kliniki zenye sahihi ya mama, risiti za viatu vya shule. Mtoto yuko pembeni anachora. Yale makaratasi ndiyo yanayomwonyesha jaji huyu mtoto anamtegemea nani.

Na ninyi wa Mombasa na Zanzibar mnaolea watoto wa Kiholanzi huko huko: mwaka 2023, katika kesi ya mama wa Thailand, Luxembourg ilisema mtoto kuzaliwa na kukulia nje ya Ulaya hakufuti haki hii, mradi ithibitike kwamba atakuja kuishi huku pamoja na mzazi huyo. Muoneni wakili kabla ya kumlipa dalali yeyote.

Nyumbani nako tunayo njia kama hii. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kifungu cha 30, unamruhusu mkazi wa nchi mwanachama kwenda mwenyewe Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha, jambo ambalo huku Ulaya ni gumu sana kwa mtu binafsi. Lakini una miezi 2 tu ya kufungua kesi. Kifungu cha 34 nacho kinairuhusu mahakama ya nchi kupeleka swali Arusha, kama Utrecht walivyofanya. Mahakama Kuu ya Uganda ilishapeleka, ikajibiwa mwaka 2015.

Mawakili mnaonitazama kutoka Dar, Nairobi, Kigali na Bujumbura, niambieni: ni lini mara ya mwisho mlimwomba jaji atumie kifungu cha 34, na alijibu nini? Video ijayo nataka kuyasoma majibu yenu.