Msimbo Mmoja, Kompyuta Mbili

Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu hamjambo. Nina nusu saa tu, kwa hiyo naingia kwenye mada. Una kazi ya kuandika programu ambayo haijaiva, hutaki mtu aione bado, na unaiandika kwenye kompyuta mbili: ya ofisini na laptopu ya nyumbani. Utafanyaje zisipishane? Jibu langu ni Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili.

Wengi wenu mnanakili folda nzima kwenye flashi. Mnacheka, basi nimewapata! Ubaya wake ni kwamba kunakili hakujui kuunganisha. Ukibadilisha faili lilelile pande zote mbili, la mwisho linalifuta la kwanza, tena kimyakimya. Wengine wanaiweka folda ndani ya Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, na hapo hatari inazidi. Ndani ya .git, folda ambamo Git inaweka historia yake, mna mafaili mengi yanayotegemeana, na Dropbox inayahamisha mojamoja bila kujua habari hiyo. Ukianza kazi upande wa pili kabla hayajafika yote, historia yaweza kuvurugika.

Git ilizaliwa kwa ajili ya kazi iliyotawanyika. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, aliianza Aprili 2005, baada ya wasanidi wa Linux kupoteza leseni ya bure ya BitKeeper, programu ya aina hiyohiyo waliyokuwa wakiitumia. Kila kompyuta hubeba historia nzima, hakuna iliyozaliwa seva. Watu wanasahau hilo, wanadhani bila GitHub, tovuti ya kuhifadhi kazi za Git, hakuna Git.

Sasa jaribu kupushi, yaani kutuma mabadiliko, kutoka kwenye laptopu moja kwa moja hadi kompyuta ya ofisini kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao. Git itagoma: "refusing to update checked out branch". Ina haki. Tawi hilo, yaani mkondo huo wa kazi, ndilo linalofanyiwa kazi kule. Likisogezwa, mafaili ya kwenye folda hayatalingana tena na historia, na komiti inayofuata, yaani hatua ya kazi inayohifadhiwa kwenye historia, yaweza kufuta ulichotuma. Kuna wanaokimbilia kuzima kizuizi hicho. Msizime. Tengenezeni repo, yaani hifadhi ya Git, ya tatu, isiyo na mafaili ya kufanyia kazi:

git init --bare kazi.git

Yaweza kukaa kwenye kompyuta mojawapo, kwenye seva ndogo, au kwenye flashi ileile. Pande zote mbili zinapushi huko na kuvuta huko. Ukipenda GitHub, repo za siri ni bure bila kikomo cha idadi tangu Januari 2019. Ila soma kwanza mkataba wako wa kazi, maana msimbo wa mwajiri huna ruhusa ya kuupeleka utakako.

Tuje kwenye mazoea, maana hapa ndipo wengi wanakwama. Jioni imefika, programu hata haiwaki, unaona haya kukomiti. Unatumia git stash, inayoweka kazi pembeni bila kukomiti, unafunga. Ukifika nyumbani, hola! Stash haisafiri na git push, imebaki ofisini. Msimamo wangu ni huu: komiti hivyohivyo na uchafu wake. Fungua tawi lako, liite "muda", andika "haijaisha", pushi. Nyumbani anza na git fetch, inayoleta mapya bila kugusa mafaili yako, kabla hujagusa chochote. Kazi ikiiva, kwa git rebase -i unazikunja komiti hizo ziwe moja safi, ndipo wenzako waione.

Ukishakunja, historia imebadilika na pushi ya kawaida itakataliwa. Tumia git push --force-with-lease, si --force tupu. Ya kwanza inakagua kama kwenye repo kumeingia kitu ambacho hujakivuta. Ya pili inafyeka tu. Na kwenye kompyuta nyingine usikimbilie git pull, inayoleta mapya na kuyaunganisha papo hapo: ama itagoma, ama itachanganya komiti za zamani na mpya. Fanya fetch, halafu git reset --hard origin/muda, inayoliweka tawi na mafaili yake sawasawa na yale ya kwenye repo, ukiwa na hakika kwamba hapo hamna cha kuokoa.

Mafaili yenye nywila, kama .env, yabaki nje kabisa. Yaandike kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git isiyachukue, uyahamishe kivyake. Nywila ikishakomitiwa, kulifuta faili kesho yake hakusaidii, kwani komiti ya jana bado inayo. Badilisha nywila yenyewe.

Na pasipo mtandao?

git bundle create kazi.bundle --all

Unapata faili moja lenye matawi na historia yote, na upande wa pili unalivuta kwa git fetch kama repo nyingine yoyote. Ninalo hapa kwenye flashi. Mwenye laptopu asogee mbele tujaribu.