Siku Ambazo Ofisi Haikuziona: Kupinga Uamuzi wa Kunyimwa Haki za Ulemavu Unapoishi na Ugonjwa wa Akili

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu mliotoka Kisauni, Likoni, Changamwe na kwingineko, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Naona wengi wenu mmekuja na bahasha, na nadhani najua kilichomo ndani yake. Ni barua inayosema kwamba mtu wenu anayeishi na ugonjwa wa akili hakuonekana kuwa na ulemavu, au hastahili kuingizwa katika mpango wa ruzuku, na kwamba ombi lake limekataliwa. Wengine hamkupewa hata barua. Mliambiwa kwa mdomo dirishani, mkarudi nyumbani. Leo nitazungumzia namna ya kuupinga uamuzi huo.

Nieleze msimamo wangu mapema. Katika familia nilizozisaidia kuandika rufaa, mara nyingi afisa hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na foleni ndefu mlangoni, fomu iliyotungwa kwa kumfikiria zaidi mtu aliyekatika mguu au asiyeona, na dakika chache za kumtazama mgonjwa ambaye asubuhi ile alikuwa ametulia. Maradhi ya akili hupanda na kushuka, na kuyapima kwa kikao kimoja ni sawa na kuipima bahari ya Kilindini saa ya maji kupwa. Kwa hivyo anayekwenda kupinga asitosheke na kusema kwamba ameonewa. Aende na zile siku ambazo ofisi haikuziona, zikiwa zimeandikwa.

Kwanza tuielewe sheria inasema nini, kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakiambiwa kwamba ugonjwa wa akili si ulemavu, na kauli hiyo si kweli. Kifungu cha 260 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kinapoeleza maana ya ulemavu, kinataja udhaifu wa mwili, wa milango ya fahamu, wa akili na wa kisaikolojia, pamoja na hali au maradhi mengine, ikiwa yana athari kubwa au ya muda mrefu katika uwezo wa mtu kufanya shughuli za kawaida za kila siku, au ikiwa sehemu kubwa ya jamii inaamini kwamba yana athari hiyo. Naomba mlitafakari hilo la mwisho. Kijana aliyewahi kulazwa katika kitengo cha akili cha hospitali ya Port Reitz, akapata nafuu, akarudi mtaani na kukuta hakuna anayemwajiri wala anayempangisha chumba kwa kuwa watu wanamwita mwendawazimu, huyo Katiba imemwona. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaitaka Serikali iwasaidie wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Kwa hivyo mnapoingia ofisini mnadai kilicho chenu, wala hamwombi sadaka.

Sasa tatizo la kwanza ninaloliona katika rufaa nyingi ni kwamba zimepelekwa mlango usio wake. Tathmini ya kitabibu hufanywa na jopo la wataalamu katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa. Usajili na kadi ni kazi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa watu wenye ulemavu mkubwa, iliyo chini ya Inua Jamii, mpango wa Serikali wa ruzuku za fedha, iko mikononi mwa Idara ya Ulinzi wa Jamii, na kwa mwananchi wa kawaida mlango wake ni afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Aliyeajiriwa na anayeomba msamaha wa kodi ya mapato, ambao hugusa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi, atapitia Baraza kisha Mamlaka ya Ushuru. Mtu akikataliwa na jopo la hospitali, halafu akaandika malalamiko kwa chifu, barua yake itazunguka miezi na miezi bila kumfikia mwenye uwezo wa kubadilisha chochote. Kabla ya kuandika, jiulizeni: ni nani hasa aliyesema hapana?

Swali la pili ni kwa nini alisema hapana, na jibu lake litakeni kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa vibaya na hatua ya kiutawala ana haki ya kupewa sababu zilizoandikwa. Sheria ya Hatua za Kiutawala za Haki ya mwaka 2015 inaongeza kwamba ofisi ikishindwa kutoa sababu hizo baada ya kuombwa, basi uamuzi wake utachukuliwa kuwa haukuwa na sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hiyo ni silaha kubwa mikononi mwa mtu maskini. Katika ruzuku swali hili lina umuhimu wa pekee, kwa sababu fedha zilizotengwa haziwatoshi wote wanaostahili, na kuna tofauti kubwa kati ya kuambiwa kwamba hustahili na kuambiwa kwamba unastahili ila nafasi zimejaa. La kwanza hupingwa kwa ushahidi wa maradhi. La pili hupingwa kwa kuuliza orodha ilipangwaje, na nani alitangulizwa kwa kigezo gani.

Ombeni pia nakala ya faili lenyewe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21, na inamlazimu afisa amsaidie mtu asiyeweza kuandika kwa sababu ya ulemavu au kwa kutojua kusoma. Msikubali kurudishwa eti barua haikuandikwa kwa Kiingereza.

Nije sasa kwenye ushahidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo rufaa hushinda au huanguka.

Kuna kijana mmoja, ambaye nimeficha mtaa wake na kazi yake asitambulikane, aliyepelekwa na shangazi yake kufanyiwa tathmini. Tangu alfajiri yule mama alikuwa mbioni. Alimsimamia akaoga, akamnyoa ndevu, akampigia kanzu pasi, akahakikisha amemeza dawa, kwa kuwa kwetu mtu hapelekwi mbele ya daktari akiwa mchafu. Kijana akaulizwa jina lake, akalitaja. Akaulizwa leo ni siku gani, akajibu sawasawa. Akaulizwa hali, akasema, "Alhamdulillahi, mzima." Akaulizwa kama hula na kuvaa mwenyewe, akasema ndiyo. Shangazi, kwa adabu yake, hakumkatiza. Ripoti ikaandikwa kwamba anajitegemea.

Kila jibu alilotoa lilikuwa la kweli, na bado picha iliyopatikana ilikuwa ya uongo. Anavaa mwenyewe, lakini hadi aambiwe mara nne. Anakula mwenyewe, isipokuwa siku anazoamini chakula kimetiwa sumu. Tulimwomba shangazi anunue daftari la shule na aandike kila jioni mstari mmoja au miwili. Aliandika hivi: "Jumatatu, hakulala, alizungumza peke yake mpaka adhana. Jumatano, aliwasha gesi akatoka, jirani akazima. Ijumaa, alitoka bila viatu, tukampata kivukoni jioni. Sikwenda kuuza mahamri siku zote tatu." Ule mstari wa mwisho aliuona hauna maana na akataka kuufuta. Kwa maoni yangu ndio uliokuwa na uzito kuliko yote.

Nasema hivyo kwa sababu ruzuku hii inamlenga mtu anayehitaji uangalizi wa kudumu, na uangalizi huo haumaanishi kulishwa na kupelekwa chooni peke yake. Unahusu pia kulindwa asidhuriwe na wengine na asijidhuru mwenyewe, na msaada wa kila siku unaomfanya mzazi au mlezi abaki nyumbani au karibu naye muda wote. Mtu mwenye maradhi ya akili kama skizofrenia au baipola anaweza kutembea kutoka Mwembe Tayari hadi Nyali na bado akawa ndani ya maelezo hayo. Familia nyingi huandika kurasa mbili juu ya sauti ambazo mgonjwa husikia, lakini hazisemi lolote kuhusu mlezi aliyeacha kibarua, mlango unaofungwa kwa komeo usiku, visu vilivyofichwa juu ya kabati na jirani anayeitwa kusaidia. Andikeni hayo. Kila jambo liandikieni siku na saa yake kadiri mnavyokumbuka, na msiongeze chumvi, kwa kuwa neno moja lililotiwa chumvi likigunduliwa huharibu kweli kumi zilizolizunguka.

Sambamba na daftari, tafuteni rekodi za kliniki: tarehe za kulazwa, kadi ya sindano, majina ya dawa na madhara yake. Dawa inayomtuliza mtu huweza pia kumfanya alale hadi saa nane mchana au mikono imtetemeke asiweze kushika sindano ya cherehani, na hilo ni sehemu ya ulemavu wake. Wengi hukataliwa kwa hoja kwamba wametulia wakiwa kwenye dawa, hivyo wamepona. Mwombeni daktari aeleze katika barua yake kinachotokea dawa inapokosekana, na limeshatokea mara ngapi. Barua inayotaja jina la ugonjwa peke yake haisaidii sana. Ombeni ieleze mtu huyu hawezi kufanya nini, kwa kiasi gani na kwa muda gani.

Najua pia kwamba wengi wenu mlianza kwa mashekhe, kwa wachungaji au kwa waganga kabla ya kufika hospitalini, na miaka hiyo haina karatasi. Msiifiche. Semeni wazi kwamba ugonjwa ulianza mwaka fulani, kwamba familia ilitafuta tiba kwa njia iliyoijua, kisha mleteni aliyeshuhudia: mwalimu aliyemwona akiacha shule, mzee wa mtaa aliyeitwa usiku, mwajiri wa zamani. Maneno yao yanaweza kuwekwa katika hati ya kiapo.

Rufaa yenyewe iwe fupi. Taja uamuzi na tarehe yake, taja sababu mliyopewa, onyesha mahali sababu hiyo inapopingana na ushahidi, kisha omba jambo moja lililo bayana, kwa mfano tathmini irudiwe na awepo daktari wa magonjwa ya akili. Bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kikao kikiitishwa, sheria ile ya 2015 inaruhusu mhusika afuatane na mtaalamu anayemchagua na aombe kuahirishiwa inapobidi. Siku hiyo mlezi aseme, kwa heshima lakini aseme, na hakuna haja ya kumpamba mgonjwa wala ya kumdhalilisha.

Jambo hili la mwisho linanigusa sana. Rufaa ni ya mwenye maradhi. Anapokuwa na utulivu, msomeeni kilichoandikwa, mwulizeni kama anaridhia mambo yake ya ndani yasomwe na watu asiowajua, na kama yapo asiyotaka yatajwe, muyaache, hata kama yangeipa rufaa nguvu. Nimemwona mtu akisikiliza ndugu zake wakieleza mbele ya meza ya ofisi jinsi alivyovua nguo barabarani, naye ameketi pale pale akiwa na akili timamu. Jambo lile lingeweza kuandikwa kwenye karatasi na kusomwa kimya.

Ofisi ikikaa kimya au ikikataa tena, nendeni kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo hupokea malalamiko bila malipo. Mahakama Kuu ipo, ingawa kwa kawaida itataka kwanza njia za ndani ya ofisi ziwe zimemalizwa. Kwa madai ya haki za kikatiba, Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya asiyeweza kujitetea, na hakuna ada ya kufungua kesi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ipo kwa ajili ya asiyeweza kumlipa wakili.

Waliokuja na barua wabaki. Kuna meza mbili pale mlangoni, na tutaanza na wale waliopewa muda wa kukata rufaa ambao unakaribia kwisha, kisha wale walionyimwa kwa mdomo, ambao kazi yao ya leo ni kuandika ombi la sababu na kuondoka nalo likiwa tayari kupelekwa kesho asubuhi.