Usimkunjie Mtumiaji Mti Wake

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema tena mpaka programu zetu ziiache tabia hii. Mhasibu amefungua mti wa akaunti, yaani orodha ya ngazi kwenye skrini ambayo kila tawi hufunguka kuonyesha yaliyo ndani yake. Kafungua Mali, kisha Mali za Kudumu, kashuka hadi Magari. Huku chini kafungua na Gharama, maana analinganisha pande mbili. Anaongeza akaunti moja chini ya Magari, anabonyeza Hifadhi, na mti mzima unajikunja. Anaanza kubofya upya, ngazi kwa ngazi. Akiongeza ya pili, ni yale yale.

Mtaniambia ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo! Yale matawi kayafungua kwa mkono wake, na ndiyo yanayomwonyesha alipofikia. Umeyafunga bila kumuuliza, na hakuna kitufe cha kutendua kitakachomrudishia.

Chanzo tunakijua: mwandishi wa programu kafuta nodi zote, yaani kila kipengee cha mti, akazijenga upya, kwa kuwa ndiyo njia fupi. Kwenye Swing, zana ya Java ya kuchora madirisha, ukiita reload() ya DefaultTreeModel (inayobeba data ya mti) kwa nodi fulani, JTree, yaani mti wenyewe wa kwenye skrini, inakunja kila kilicho chini ya nodi hiyo. Kwenye Qt, zana nyingine ya aina hiyo, ukiiweka upya modeli nzima (ile data ya mti), QTreeView inayouonyesha inasahau kila kitu. Basi usifute! Imeongezeka akaunti moja, tangaza hiyo moja: Swing inakupa nodesWereInserted, Qt inakupa beginInsertRows.

“Lakini data yangu inatoka kwenye seva, sijui kipi kimebadilika.” Sawa. Basi kabla ya kujenga upya, kusanya yaliyo wazi, ukimaliza uyafungue tena. Na hapa ndipo watu wanaponichosha, kwa sababu wanahifadhi nafasi: tawi la tatu, ndani yake la pili. Akaunti mpya ikiingia juu, la tatu limekuwa la nne, na sasa unamfungulia mtu tawi ambalo hakuligusa. Mwingine anahifadhi jina, na “Nyinginezo” iko chini ya kila kundi. Mwingine anahifadhi nodi yenyewe iliyo kwenye kumbukumbu. Ikishajengwa upya, ya zamani na mpya hazilingani hata zikifanana herufi kwa herufi, isipokuwa umeandika equals yako mwenyewe, ile njia ya Java ya kulinganisha vitu viwili. Hifadhi kitambulisho cha rekodi, ule ufunguo msingi wa hifadhidata. Hauhami, na jina likibadilishwa wenyewe unabaki vile vile.

Apple wanakulazimisha ulifikirie hili. NSOutlineView, mti wao wa kwenye Mac, ina autosaveExpandedItems ya kukumbuka yaliyo wazi, lakini haifanyi kazi mpaka uipe jina la kuhifadhia, na kwa kila kipengee uipe kitu cha kudumu cha kukitambulisha. Hoja ni hiyo hiyo.

Unapofungua tena, anza kwenye shina ushuke. Kama watoto, yaani nodi zilizo chini ya nyingine, wanapakiwa pale tu mzazi anapofunguliwa, subiri wafike ndipo uendelee. Rekodi iliyofutwa iruke kimya kimya, usimtupie mtu ujumbe wa kosa.

Muda unanibana, kwa hiyo haraka haraka: mtu akitafuta neno, mti unajifungua wenyewe kuonyesha matokeo. Hali hiyo usiihifadhi juu ya ile ya kwake. Akifuta neno, mrudishie matawi aliyokuwa nayo. Mstari aliouchagua nao urudi, na mahali alipokuwa amefikia kwenye skrini. Mti wenye rekodi laki moja una mambo yake, niulizeni kwenye maswali.