Kimya cha Mtoto si Adabu: Mhadhara kwa Wazazi, Tandahimba

Asanteni. Mnaonifahamu mnajua wimbo wangu ni mmoja, tuwasikilize watoto wetu, kwa hiyo salamu nafupisha.

Mzazi wa huku kwetu akitaka kumsifu mwanawe anasema, "Huyu hata sauti yake huisikii." Mimi nashtuka. Mtoto wa miaka 15 hasikiki nyumbani kwao, nani kamnyamazisha?

Kuna binti wa kidato cha pili aliletwa zahanati nilikokuwa nafanya kazi. Kichwa kinauma, usiku halali. Tukapima malaria, hamna. Wiki iliyofuata karudi, hamna. Mama anasema majini, baba anasema uvivu, maana ni Oktoba, korosho zinadondoka na kila mtu anatakiwa akaokote. Nikawaomba wazazi wasubiri nje. Binti akanyamaza mpaka nikadhani kasinzia, halafu akasema: "Baba kasema nikifeli nisirudi nyumbani." Mtihani ni Novemba. Nikamwita baba. Akacheka! "Mimi? Nimesema lini?" Kumbe alisema wakati wanaanika korosho, akasahau palepale, akaenda zake mnadani. Mtoto kabaki nayo, anahesabu siku.

Najua kuna mtu moyoni anasema, "Mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu?" Sawa, mmekuwa watu. Wangapi humu mnaweza kumwambia mkeo "naogopa"? Naona mnaangalia dari.

Mwingine: "Kwa hiyo tuwaache wafanye watakavyo?" Jamani, nani kasema? Diana Baumrind, mtafiti wa Marekani, alilieleza hili tangu miaka ya 1960: yupo mzazi mbabe, yupo mlegevu, na yupo wa tatu, mwenye masharti yanayoeleweka na anayesikiliza. Saa ya kurudi nyumbani ipo, na mtoto anaruhusiwa kuuliza kwa nini. Mwaka 1983 watafiti wengine, Maccoby na Martin, wakaongeza wa nne, asiyejishughulisha kabisa. Huyo namwona sana hela za korosho zikiingia: pikipiki inanunuliwa, mtoto anapewa simu, malezi yamekwisha.

La unyago nilitaka niliseme kwa kirefu, mtoto anakabidhiwa kwa kungwi wakati wa likizo, akitoka anaitwa mkubwa na mama hamwulizi tena lolote. Na la bibi wanaoachiwa wajukuu. Mwenyekiti ananionyesha saa, basi.

Haya, maswali. Baba mwenye kofia pale nyuma, uso umeukunja muda mrefu. Anza wewe.